Pikipiki ya Safari Ndefu: Uzito Hutangulia Nguvu

Mtu anayekusudia kununua pikipiki kwa ajili ya safari ndefu aghalabu huanza kwa kuuliza injini yake ina nguvu kiasi gani. Swali hilo si baya, lakini kwa msafiri wa uwanda wa kati wa Tanzania ni swali la tatu au la nne. La kwanza ni hili: chombo hiki kikianguka mchangani, pamoja na mizigo yake yote, mbali na watu, je, mwendeshaji ataweza kukiinua peke yake? Fizikia inayofundishwa katika shule zetu za sekondari inatosha kabisa kuonyesha kwa nini uzito hutangulia nguvu.

Tuchukue mfano wa safari ya kutoka Dodoma hadi Mbeya. Anayetaka wepesi atapita Mtera na Iringa. Barabara ya Dodoma hadi Iringa, iliyokuwa ikiogopwa sana wakati wa masika, iliwekewa lami katika miaka ya 2010, na pikipiki yoyote nzima itamfikisha. Lakini iko njia nyingine. Msafiri hupita Manyoni mpaka Itigi, kisha hugeuka kusini kuelekea Rungwa, Makongolosi na Chunya. Kutoka Itigi hadi Makongolosi ni karibu kilomita 400, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni changarawe na mchanga, kupitia vichaka vizito vya Itigi na misitu ya miombo yenye mbung'o wengi na vijiji vichache. Mganga, mwalimu au bwana shamba anayepita huko kwa pikipiki hana budi kutegemea alichochagua siku aliyokwenda dukani.

Pikipiki kubwa za safari zitengenezwazo Ulaya, zenye injini ya sentimita za ujazo 1,200 hivi, huwa na uzito wa karibu kilo 250 tangi likiwa limejaa. Zile za silinda moja, za sentimita za ujazo 125 hadi 200, zina kiasi cha nusu ya uzito huo. Tuongeze kilo 40 za mizigo kwa kila moja. Tunapata kilo 290 na kilo 165. Sasa pikipiki iliyolala ubavu huinuliwa kama wenzo wa daraja la pili. Egemeo liko mahali magurudumu yanapogusa ardhi, mzigo uko katikati, na jitihada iko kwenye usukani. Mwanzoni jitihada inayotakiwa hukaribia nusu ya uzito wote, yaani kama kilo 145 kwa pikipiki kubwa na kilo 82 kwa ndogo. Mtu mwenye afya huweza kuinua hizo 82, akapumzika, akaendelea. Zile 145 zinamtaka awe na mbinu na mwili wa mbeba mizigo wa bandarini, na katika mchanga mzito huenda akaanguka mara nne kabla ya saa sita mchana. Afadhali jaribio hili lifanywe nyumbani, pikipiki ikiwa imepakiwa kila kitu na kulazwa taratibu juu ya mchanga.

Historia ya vyombo hivi inathibitisha jambo hilo. Mashindano ya kwanza ya Paris hadi Dakar, yaliyovuka jangwa la Sahara mwaka 1979, magari na pikipiki yalipangwa katika orodha moja ya ushindi. Aliyeshinda ni kijana wa Kifaransa, Cyril Neveu, akiwa juu ya Yamaha XT500, pikipiki ya silinda moja yenye uzito wa kilo 140 hivi kabla ya kutiwa mafuta. Mwaka uliofuata kampuni ya BMW ilitoa R80 G/S yenye silinda mbili, na Hubert Auriol akaishindia mashindano ya 1981. Tangu hapo pikipiki za safari zimekuwa zikinenepa. Kwa msafiri anayefuata lami kutoka Cairo hadi Cape Town unene huo una raha zake, kwani chombo kizito hakiyumbishwi ovyo na upepo na kiti chake ni kipana. Kwa njia ya Rungwa, nadhani ni mzigo tu.

Baada ya uzito, tutazame ardhi. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, alieleza jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyofuatana kwa mpango kutoka kilimani hadi bondeni, akaufananisha na mnyororo unaoning'inia. Juu hukutwa udongo mwekundu, mteremkoni mchanga wa kijivu ulioshushwa na maji, na chini kabisa udongo mweusi wa mbuga. Barabara inayokata vilima na mabonde hukutana na aina zote tatu kwa mwendo wa kilomita chache. Udongo wa mbuga hufyonza maji ukavimba. Wakati wa mvua, yaani Desemba hadi Aprili, hunata kwenye tairi na kujazana chini ya madigadi mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. Kwa hiyo madigadi ya mbele iliyoinuliwa juu, mbali na tairi, si pambo.

Mchanga una kanuni yake. Eneo la tairi linalogusa ardhi hukaribia kani ya uzito ikigawanywa kwa kanieneo ya hewa iliyomo ndani. Ikiwa gurudumu la nyuma limebeba kilo 150, kani yake ni nyutoni 1,500 hivi. Kwa kanieneo ya kilopaskali 200 (kama paundi 29 kwa inchi ya mraba) eneo ni sentimita za mraba 75. Ikipunguzwa mpaka kilopaskali 125, eneo huwa sentimita za mraba 120, na tairi lililokuwa likizama linaanza kuelea. Wanafunzi waweza kulithibitisha hili uani kwa baiskeli, pampu, wino na karatasi. Lakini msafiri akifika kwenye lami ni lazima ajaze upepo tena, kwa kuwa tairi laini likienda kasi hujikunja na kupata joto mpaka likaharibika. Pampu ya mkono basi ni sehemu ya pikipiki.

Vumbi ni adui mwingine, na mkoa wa Dodoma una ushahidi wake. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa, mashariki ya Dodoma, ikawa kituo chake cha kwanza. Matrekta yaliletwa kwa wingi, mengi yao masalio ya Vita Kuu ya Pili. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu mno, na chembe zake zilizila plau kama tupa. Mradi uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Sababu za kushindwa zilikuwa nyingi, ukiwamo uhaba wa mvua, lakini mojawapo ni kwamba mashine zilichaguliwa kabla udongo haujaulizwa. Vilima vinavyouzunguka mji wa Dodoma ni vya mawe ya itale, na itale likimeng'enyeka huacha mchanga wa madini ya kwatsi, ambayo ni magumu kuliko vyuma vingi. Chembe hizo zikipenya chujio la hewa, zitaila silinda. Zikishikana na oili kwenye mnyororo, zitausaga. Chagua pikipiki ambayo chujio lake liko juu, chini ya kiti, nalo liwe la sifongo linaloweza kuoshwa na kupakwa oili njiani.

Kisha kuna vile vijituta vya barabarani vinavyofuatana kama bati la kuezekea. Zamani wengi waliamini kwamba springi za magari ndizo zinazovisababisha. Mwaka 2007 wanafizikia Taberlet, Morris na McElwaine walionyesha kwamba hata gurudumu gumu lisilo na springi huviumba juu ya mchanga, mradi mwendokasi umevuka kiwango fulani. Ikiwa vijituta vimeachana kwa sentimita 60, pikipiki iendayo kilomita 60 kwa saa hutikiswa karibu mara 28 kwa sekunde. Mtikiso huo hulegeza nati na kupasua vyuma vya kubebea mizigo (mayai hayasafirishwi hivyo). Springi ndefu na gurudumu kubwa la mbele, la inchi 21 badala ya 17, hupunguza adha. Na chuma cha mizigo kiwe chuma hasa: kikivunjika, mchomelea vyuma wa mji wowote mdogo atakiunga. Aluminiamu huhitaji mitambo ambayo hana.

Sasa twaweza kurudi kwenye nguvu za injini. Dodoma iko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, ambapo kanieneo ya hewa ni kilopaskali 88 hivi badala ya 101 za Dar es Salaam, na msongamano wa hewa umepungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Injini huvuta ujazo uleule wa hewa lakini tungamo pungufu, hivyo nguvu zake hupungua kwa kiasi kama hicho. Katika pikipiki ya kabureta petroli haipungui kwa kulingana na hewa, kwa hiyo mchanganyiko huwa mzito na plagi hushika masizi. Hali huzidi Mbeya, zaidi ya mita 1,600. Fundi hurekebisha kwa kushusha sindano ya kabureta au kuweka tundu la petroli lililo jembamba zaidi. Mifumo mipya inayopuliza petroli kwa amri ya kompyuta hujirekebisha yenyewe, nayo hutumia mafuta kwa uangalifu. Ikiharibika njiani, hata hivyo, bisibisi haitoshi.

Mafuta nayo yahesabiwe kabla ya kuondoka. Pikipiki ya sentimita za ujazo 200 inayotumia lita 3 kwa kilomita 100 juu ya lami yaweza kutumia 4 mchangani. Kwa kilomita 400 ni lita 16. Ukiongeza robo ya akiba, lita 20, ambazo ni kilo 15. Tangi la kawaida la lita 10 au 12 halitoshi, na dumu la ziada lapaswa kufungwa chini, karibu na katikati ya chombo, lisiinue kitovu cha uzito. Petroli inayouzwa kwa chupa vijijini ichujwe kwa kitambaa safi kabla ya kumiminwa.

Mwisho ni vipuri. Kwa miaka mingi sasa pikipiki ndogo za India na China, zile zinazobeba abiria mijini, zimeenea hata minadani, na mnyororo wake, klachi yake na tyubu zake hupatikana karibu na kila kituo cha basi. Chombo bora kwenye karatasi ambacho plagi yake lazima iagizwe Dar es Salaam kimepoteza nusu ya ubora wake. Miiba ya migunga haichagui. Magurudumu ya spoki yenye tyubu huzibwa kwa kiraka na gundi, na spoki iliyovunjika hubadilishwa na fundi wa baiskeli. Msafiri achukue tyubu mbili, ya mbele na ya nyuma, viraka, vyuma viwili vya kutolea tairi, plagi moja na kiungo cha mnyororo. Kofia ngumu isiwekwe katika hesabu ya uzito wa kupunguzwa: uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi, uliotolewa mwaka 2008, ulikuta kwamba hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 hivi na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.