Kabla ya kuchagua kisiwa, mtazame aliye dhaifu katika familia

Msomaji mmoja anayeishi Houston, Marekani, ameniuliza jambo ambalo wengi wangelipeleka kwa wakala wa safari. Yeye na mumewe wamejibana miaka mitatu kuweka akiba, na sasa wanataka kuwapeleka watoto wao watatu likizo ya ufukweni katika visiwa vya Karibi. Watafuatana na mama mkwe, ambaye ana kisukari na shinikizo la juu la damu. Mtoto wa kati ana miaka tisa na ana selimundu. "Dokta, twende kisiwa gani?"

Orodha yake ina Jamaika, Jamhuri ya Dominika, Barbados, Aruba na Puerto Rico. Ameshalinganisha bei za hoteli, chakula na rangi ya maji. Kitu ambacho hakimo kwenye orodha ni umbali kutoka hotelini hadi hospitali.

Kwa familia yenye watu wazima wenye afya tupu, kisiwa chochote kati ya hivyo ni kizuri. Kwa familia hii, na ziko nyingi kama hii, mimi huanza na yule anayeweza kuugua ghafla. Tukishajua atakapotibiwa usiku wa manane, ndipo tuzungumzie mchanga mweupe. Karibi si mahali pamoja. Kutoka Bahamas hadi Trinidad ni zaidi ya kilomita 2,000, na magonjwa, hali ya hewa na hospitali hutofautiana kisiwa hadi kisiwa.

Nianze na malaria, kwa sababu ndiyo inayotuponza sisi tuliokulia nayo. Karibu visiwa vyote vya Karibi vimeiondoa. Kisiwa ambacho bado kina maambukizi ya kudumu ni Hispaniola, kinachogawanywa na nchi mbili, Haiti na Jamhuri ya Dominika. Kwa mtalii anayekaa katika hoteli kubwa za mashariki, hatari ni ndogo. Lakini mtoto aliyezaliwa Houston hana kinga yoyote ya malaria, na hata wazazi wake, baada ya miaka kadhaa nje ya Afrika, ile kinga waliyoondoka nayo imepungua sana.

Hapa kuna kosa ambalo nalisikia kliniki kila mara, kwamba selimundu inazuia malaria. Anayepata nafuu ni yule aliyerithi kinasaba kimoja tu, kutoka kwa mzazi mmoja, naye si mgonjwa. Mwenye vinasaba viwili, yaani mgonjwa mwenyewe, hana ulinzi huo wa kutegemea. Malaria ikimpata huvunja damu ambayo tayari ni chache na inaweza kumuua haraka. Kwa hiyo mama huyu nimemshauri aifute Jamhuri ya Dominika. Familia nyingine wakitaka kwenda, wamuone daktari kuhusu dawa za kinga. Klorokwini, ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama dawa kuu ya malaria mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea, huko bado inafanya kazi.

Mbu wa mchana ni suala jingine, na huyu hakwepeki kwa kubadilisha kisiwa. Ni Aedes, yule yule aliyetusumbua Dar es Salaam kwa dengue mwaka 2014 na 2019, tukaiita kidingapopo. (Wapo wataalamu wa lugha wanaoamini kwamba hata jina dengue lina asili ya Kiswahili, likafika Karibi karne ya 19.) Puerto Rico ilitangaza dharura ya afya kwa sababu ya dengue Machi 2024. Chikungunya nayo ina asili ya kwetu. Iligunduliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952, na jina lake ni la Kimakonde, likieleza mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo. Ilifika kisiwa cha Saint Martin mwishoni mwa 2013, na ndani ya mwaka mmoja ilikuwa imeenea karibu Karibi nzima. Zika, iliyopewa jina la msitu wa Uganda, ilifuata. Mjamzito asiende bila kuzungumza kwanza na daktari wake, kwa sababu Zika inaweza kuharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Chandarua cha usiku peke yake hakimzuii mbu huyu. Pakaeni dawa ya kufukuza mbu tangu asubuhi, mvae nguo nyepesi za mikono mirefu, na mchague chumba chenye nyavu madirishani au kiyoyozi. Ukitumia mafuta ya kukinga jua, pakaa hayo kwanza, kisha dawa ya mbu juu yake.

Homa kwa mtoto mwenye selimundu

Hapa naomba msomaji wangu asome taratibu. Mtoto mwenye selimundu akipata maumivu, nyumbani amezoea kupewa ibuprofeni au diklofenaki. Akiwa Karibi na akapata homa, dawa hizo ziwekwe pembeni. Kama homa hiyo ni dengue, zinaweza kuongeza kutokwa na damu. Apewe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake, na safari ya hospitali ianze papo hapo. Joto la nyuzi 38.5, ambalo kwa kipimajoto cha Marekani ni 101.3, ni dharura kwa mtoto huyu popote alipo, hata kama anacheka na anakula. Wengu wake haufanyi kazi vizuri, hivyo bakteria wanaweza kusambaa kwenye damu ndani ya saa chache. Msisubiri asubuhi, wala msisubiri kuona kama parasetamo itashusha.

Ndiyo maana nauliza hospitali iko wapi. Jamaika ina sifa ambayo watalii hawaijui. Nchi chache duniani zimeisoma selimundu kwa undani kama wao. Kati ya 1973 na 1981 watafiti walipima watoto wachanga 100,000 mjini Kingston, wakawafuatilia waliokutwa na ugonjwa kwa miaka mingi, na mengi tunayoyafanya leo kliniki yamejengwa juu ya kazi hiyo. Kingston kuna kituo maalumu cha selimundu cha Chuo Kikuu cha West Indies, na hospitali ya watoto ya Bustamante. Tatizo ni kwamba hoteli nyingi za ufukweni ziko Montego Bay na Negril, upande mwingine wa kisiwa, na hiyo ni safari ya saa kadhaa kwa gari. Isitoshe, Oktoba 28, 2025 kimbunga Melissa kiliipiga Jamaika kikiwa na nguvu ya daraja la tano, na hospitali ya Black River upande huo wa magharibi iliharibiwa vibaya. Mafuriko yake yalifuatiwa na mlipuko wa homa ya mgunda, ile iliyotokea kwetu Lindi mwaka 2022. Watalii wamerudi Jamaika na nchi inawahitaji. Kwa mtoto huyu, hata hivyo, ningesubiri kidogo.

Aruba iko kusini, karibu na Venezuela, nje ya njia ya kawaida ya vimbunga, na bahari ya upande wa magharibi imetulia. Ni chaguo zuri kwa anayelazimika kusafiri Agosti au Septemba. Lakini ni kisiwa kidogo, na kwa visiwa vidogo mgonjwa aliyezidiwa mara nyingi husafirishwa kwa ndege kwenda nchi nyingine. Gharama ya ndege ya wagonjwa inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola. Bima ya safari isiyotaja kwa maandishi kusafirisha mgonjwa, na isiyokubali ugonjwa aliokuwa nao mtu kabla ya safari, msiinunue.

Barbados ina urefu wa kilomita 34 tu, kwa hiyo hospitali kuu ya Queen Elizabeth, mjini Bridgetown, haiwi mbali sana popote mtakapolala. Puerto Rico nayo ni eneo la Marekani. San Juan ina hospitali kubwa, na bima nyingi za Marekani hutumika huko, ingawa lazima upige simu kuulizia ya kwako. Kwa familia hii, Puerto Rico ndiyo ninayoiweka mbele, wakae karibu na San Juan, na dawa ya mbu isikose. Barbados inafuata.

Wakati nao una uzito wake. Msimu wa vimbunga unaanza Juni mosi hadi Novemba 30, na kilele ni Agosti hadi Oktoba. Likizo ndefu ya shule za Marekani inaangukia humo humo. Puerto Rico ilipopigwa na kimbunga Maria Septemba 2017, maeneo mengi yalikaa miezi bila umeme. Fikiria mama mkwe na insulini yake bila jokofu. Likizo fupi ya Machi ni ghali zaidi, lakini ndiyo ningelipia.

Mkishafika

Upande wa bahari ya Karibi maji hutulia, upande wa Atlantiki huwa makali. Bathsheba, mashariki mwa Barbados, hupendeza kwenye picha, lakini mikondo yake si ya kuogelea watoto. Watoto wakiwa majini, mtu mzima mmoja awatazame bila simu mkononi, kisha apokelewe na mwingine.

Mtoto wa selimundu aingie baharini, ana haki ya kucheza kama wenzake. Maji ya huko ni vuguvugu, na kinachomdhuru zaidi ni baridi ya upepo akitoka akiwa amelowa. Afutwe, avalishwe nguo kavu, na anywe maji hata kabla ya kiu, kuanzia kwenye ndege.

Tangu 2011 mwani wa kahawia uitwao sargassum umekuwa ukirundikana kwa wingi kwenye fukwe nyingi za huko, hasa zinazotazama Atlantiki. Si kama mwani wanaolima akina mama wa Paje. Huu ukioza hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, na wenye pumu hubanwa kifua. Kuna pia mti wa manchineel, wenye matunda kama matufaha madogo ya kijani. Utomvu wake huunguza ngozi na macho, kwa hiyo msijikinge mvua chini yake, na watoto waambiwe wasile tunda lolote la kuokota.

Samaki wakubwa wa miambani, hasa baracuda, waacheni. Wanaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kupikwa, inayoleta kutapika, ganzi, na hali ya ajabu ya kuhisi kitu baridi kama kinaunguza.

Mama mkwe avae viatu mchangani, kwa sababu mwenye kisukari anaweza kuungua nyayo bila kusikia. Insulini isiwekwe kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege, ambako inaweza kuganda. Haidroksiyurea, asidi ya foliki na dawa nyingine zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari. Ndugu atakayeungana nao akitokea Afrika Mashariki abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana visiwa vingi huidai. Tangu 2016 kadi hiyo haimalizi muda, lakini chanjo ya mara ya kwanza ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari.

Wiki sita kabla ya kuondoka, mpelekeni mtoto kwenye kliniki yake ya selimundu huko Houston. Ombeni wahakiki chanjo zake na wawaandikie kiwango chake cha kawaida cha damu, ili daktari atakayempokea San Juan ajue anaanzia wapi.