Nchi Nne Chini ya Taji Moja: Waingereza na Majirani Zao

Ufalme wa Muungano, dola ambayo kwa mazoea huitwa Uingereza, kwa hakika una nchi nne ndani yake, yaani Uingereza yenyewe, Uskoti, Welisi na Ayalandi Kaskazini. Zaidi ya wakazi wanane katika kila kumi wanaishi Uingereza, na wingi huo huwapa Waingereza sauti kubwa katika Bunge la London. Hata hivyo, wingi peke yake hauelezi kwa nini manung'uniko ya Wawelisi hayafanani na ya Waskoti, wala kwa nini ya Waayalandi yaliishia katika umwagaji damu. Chanzo cha tofauti hizo ni namna kila nchi ilivyoingizwa katika dola hiyo.

Welisi ilitekwa na Mfalme Edward wa Kwanza mnamo 1282 na 1283, kisha sheria za 1536 na 1543, zilizotungwa wakati wa Henry wa Nane, zikaifuta mipaka yake ya kisheria na kukifanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama. Kwa kuwa Wawelisi hawakubaki na dola wala sheria zao, lugha ndiyo iliyokuwa ngome yao. Mwaka 1965 kijiji cha Capel Celyn, ambacho wakazi wake walizungumza Kiwelisi, kilizamishwa ili bwawa lake liupatie maji mji wa Liverpool, ingawa wabunge wa Welisi hawakuunga mkono mpango huo, na hasira iliyofuata iliwapa nguvu mpya wapigania lugha na utaifa.

Uskoti, kwa upande wake, haikumezwa kwa vita. Mfalme wake, James wa Sita, alirithi kiti cha London mwaka 1603, na mabunge mawili yakaungana kwa mkataba mwaka 1707, baada ya jaribio la Waskoti la kuanzisha koloni huko Darien, Amerika ya Kati, kushindwa na kuwatia hasara kubwa. Mkataba huo uliwaachia sheria, mahakama na kanisa lao, nao wakanufaika na biashara, jeshi na utawala wa makoloni. Ndiyo maana wanaodai uhuru hujenga hoja kwamba kilichofungwa kwa makubaliano kinaweza kufunguliwa kwa makubaliano.

Ayalandi ilipitia njia chungu zaidi, kwani kuanzia 1609 ardhi ya Wakatoliki katika jimbo la Ulster iligawiwa walowezi Waprotestanti, wengi wao wakiwa Waskoti, jambo linaloonyesha kwamba uhasama huo haukuwa baina ya Waayalandi na Waingereza pekee. Nchi hiyo iliunganishwa na hizo nyingine tatu mwaka 1801, na njaa ya 1845 hadi 1852 ikaua watu wapatao milioni moja huku vyakula vikiendelea kusafirishwa nje. Kisiwa kiligawanywa mwaka 1921, sehemu ya kaskazini ikabaki chini ya London, na ubaguzi dhidi ya Wakatoliki wa kaskazini katika nyumba, kazi na uchaguzi ukachochea machafuko yaliyoua zaidi ya watu 3,500 kabla ya Mkataba wa Belfast wa Aprili 1998 kuyatuliza.

Ugatuzi, yaani kuhamisha madaraka kutoka London, uliipa kila nchi bunge lake mwaka 1999, isipokuwa Uingereza yenyewe. Kura ya 2016 ya kujitoa Umoja wa Ulaya ikafufua mvutano, kwa kuwa Uskoti, kwa asilimia 62, na Ayalandi Kaskazini, kwa takriban asilimia 56, zilitaka kubaki lakini zikaondolewa pamoja na wengine.

Mkataba wa Belfast unaipa Ayalandi Kaskazini njia ya kisheria ya kuungana na Jamhuri ya Ayalandi, iwapo wengi wataridhia. Uskoti, ambako asilimia 55 waliukataa uhuru mwaka 2014, haina njia kama hiyo, kwani mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba bunge lake haliwezi kuitisha kura nyingine bila idhini ya London. Nchi iliyoingia kwa mkataba ndiyo isiyo na sheria ya kutokea.