Walianza na Simu ya Nyumbani: Mume na Mke Waliojenga Ajensi ya Ford



Tuanze na kitu tunachokijua wote. Ukipiga picha gauni likiwa kwenye hanga ukaliweka status, linaweza kumaliza wiki nzima watu wanaliangalia tu. Mvalishe mdogo wako, asimame pale kwenye migomba nyuma ya nyumba, jua la saa kumi na moja jioni, uone. Usiku huohuo meseji zinaingia: "Dada, bei gani?" "Namba 12 ipo?" "Unatuma Nkwenda?" Gauni ni lilelile, bei ileile. Aliyelivaa ndiye aliyeliuza.

Sasa swali ambalo wengi wetu tunalikwepa: yule mdogo wako unamlipaje?

Swali hilo halijaanza Omurushaka wala Kayanga. Mwaka 1946, New York, mwanamke kijana anaitwa Eileen Ford alikuwa mjamzito wa mtoto wake wa kwanza na anatafuta hela. Alikuwa ameshafanya kazi na wapiga picha na maduka ya nguo, kwa hiyo mambo ya mitindo alikuwa anayajua. Wanamitindo wawili aliokuwa anafahamiana nao wakamwambia: sisi tukiwa kazini hatuwezi kupokea simu za wateja, hebu tupokelee wewe, utupangie ratiba, kila mmoja wetu atakulipa dola 65 kwa mwezi. Basi. Ajensi ya Ford ilianza hivyo, simu na daftari nyumbani kwa wazazi wa Eileen. Ofisi hakuna, bango hakuna.

Mume wake, Jerry, alikuwa ametoka kwenye jeshi la majini baada ya Vita ya Pili. Alipoona simu zinazidi, akaingia na yeye. Wakauza gari lao kwa dola 900 wakakodi chumba cha ofisi kwenye barabara ya Second Avenue. Wakagawana kazi, na hapa naomba msome taratibu: Eileen akashika macho, yaani kuchagua nani anafaa, avae vipi, apelekwe kwa mteja gani. Jerry akashika hesabu. Nimeona biashara nyingi za mume na mke huku kwetu zikifa kwa sababu wote wawili wanataka kujibu wateja na hakuna anayetaka kushika daftari.

Lakini kilichowatoa ni kitu kingine kabisa, nacho ni hela ya Ijumaa.

Enzi hizo mwanamitindo alikuwa anafanya kazi leo, halafu anamsubiri mteja alipe. Mwezi, miezi mitatu, mingine anazungushwa mpaka anakata tamaa. Si unaijua hiyo? "Nitakutumia mwisho wa mwezi, dada yangu." Ajensi zilizokuwepo hazikuona kama hilo linawahusu. Jerry akaleta utaratibu wa vocha. Mwanamitindo akimaliza kazi, mteja anasaini karatasi: kafanya saa ngapi, kwa malipo gani. Anaileta ofisini, mwisho wa wiki Ford wanamlipa kutoka mfukoni mwao, wakikata komisheni. Kumdai mteja kunabaki kazi ya ofisi.

Hapa Kagera tukisikia mtu analipwa mapema, akili inakimbilia butura, ile ya kuuza kahawa ingali maua mtini kwa bei ya kutupa. Vocha ni kinyume chake. Butura inanunua shida yako kabla hujavuna. Vocha inalipa kazi iliyokwisha kufanyika, kwa bei mliyokubaliana, na makato yanajulikana tangu mwanzo. Hatari ya mteja kuchelewa inabebwa na mwenye ofisi, maana yeye ndiye mwenye nguvu ya kudai.

Unaona kwa nini wanamitindo waliwakimbilia? Ukiwa msichana unalipa kodi ya chumba New York, ajensi ya jina kubwa inayokulipa ikijisikia huwezi kuifananisha na ndogo inayokulipa kila wiki. Mwaka 1948, miaka miwili tu tangu waanze, jarida la Life liliwaandika kama ajensi ya kifamilia. Na kweli ilikuwa ya kifamilia. Wasichana waliotoka mbali walilala nyumbani kwa Eileen, wakala mezani kwake, wakapangiwa saa ya kurudi. Alikuwa mkali, mdomo wake hauna breki. Wapo waliompenda kama mama na wapo waliomwogopa.

Kuna kisa nakipenda. Dorian Leigh alikuwa tayari nyota. Akawaambia kina Ford: nitakuja kwenu, ila mumchukue na mdogo wangu bila kumwona kwanza. Wakakubali. Walitegemea mtu anayefanana na Dorian, nywele nyeusi, umbo dogo. Akaja binti mrefu mno mwenye nywele nyekundu, Suzy Parker, ambaye baadaye akawa mmoja wa wanamitindo wakubwa kabisa wa miaka ya 1950. Kwa hiyo ukiletewa shemeji yake na mtu, usimkatae kabla hujampiga picha.

Wapinzani nao walitoka humohumo ndani. Wilhelmina Cooper alikuwa mwanamitindo wa Ford. Mwaka 1967 akafungua ajensi yake na mumewe Bruce. Mume na mke tena. Mwaka huohuo binti mweusi anaitwa Naomi Sims alikuwa amekataliwa na ajensi kadhaa. Akapata picha moja kwenye jarida la mitindo la gazeti la New York Times, akaenda kwa Wilhelmina na wazo: mimi nitasambaza nakala za hii picha kwenye kampuni za matangazo, nitaandika namba yako ya simu. Wakipiga, utakata komisheni. Wilhelmina hakuwa na cha kupoteza. Ndani ya mwaka Naomi alikuwa anaingiza dola 1,000 kwa wiki. Ukitafakari, huo ndio uwakala wa mtandaoni tunaoufanya leo: mzigo si wako, namba ni yako, asilimia unaijua.

Watu wa ukanda wetu hawakukosekana. Elizabeth, binti wa mfalme wa Toro, hapo Fort Portal ng'ambo ya mpaka, mwanasheria aliyesoma Cambridge, alikwenda New York akasajiliwa na Ford. Na Iman, Msomali aliyekuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Nairobi, alifika New York mwaka 1975 akaanzia kwa Wilhelmina.

Kisha mwaka 1977 ajensi ya Elite ya John Casablancas ikatoka Paris ikafungua New York, ikaanza kuwanyakua wanamitindo na hata wafanyakazi wa Ford. Eileen alipeleka kesi mahakamani, na walioondoka aliwatumia Biblia zilizopigiwa mstari mwekundu panapotajwa Yuda. Mimi namwelewa, ila mtu uliyemlea kwa chakula hukumfunga kwa chakula hicho. Anaweza kuondoka. Ford walibaki wakubwa, lakini hawakuwa tena peke yao sokoni.

Kuhusu kurithisha, binti yao Katie alikabidhiwa uongozi mwaka 1995. Miaka kumi na miwili baadaye, 2007, familia iliuza kampuni kwa wawekezaji na Katie akaondoka. Jerry alifariki 2008, Eileen 2014 akiwa na miaka 92. Jina Ford bado liko mlangoni.

Turudi kwa mdogo wako pale kwenye migomba. Ninavyofanya mimi sasa ni hivi. Kabla ya kupiga picha tunakubaliana: seti moja ya picha ni shilingi kadhaa, au nguo moja achague mwenyewe, na analipwa siku hiyohiyo, hata kama mzigo utauzwa msimu wa kahawa ukifika. Hela hiyo inaingia kwenye gharama za gauni kama nauli ya basi na mfuko. Tunaandika kwenye meseji ya kawaida ya WhatsApp: picha zitakaa wapi, kwa muda gani, na kwamba siwapi wauzaji wengine. Aliye chini ya miaka 18 naongea na mzazi wake kwanza. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, kwa hiyo sura ya mtu si kitu cha kuchezea.

Nilijifunza kwa aibu. Niliwahi kumpiga picha binti wa dada yangu na kitenge, sikumlipa, sikumwuliza. Nikaiposti wazi bila hata kuweka jina la duka juu yake. Muuzaji mmoja wa mbali akaichukua, akakata kichwa tu, akakiweka kwenye tangazo la krimu ya kung'arisha ngozi. Shuleni wakamcheka. Dada hakuongea na mimi miezi miwili. Nilimwandikia yule muuzaji akaifuta, lakini ilikuwa imeshasambaa. Mara ya mwisho kuiona ilikuwa Murongo, kwenye simu ya kastoma aliyetaka kujua kama na mimi nauza hiyo krimu.