Ajali haina kinga, lakini ina sababu

Ndege ikianguka katika nchi yetu, methali mbili hufika mahali pa ajali kabla ya wachunguzi. Ya kwanza ni ile isemayo kuwa ajali haina kinga. Ya pili yasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hiyo ya kwanza hufunga mlango wa maswali, na ya pili huufungua mlango wa uvumi mpaka ukuta wa nyuma. Kati ya milango hiyo miwili ukweli hubaki nje, umesimama juani.

Nimeyasikia yote mawili mara nyingi katika baraza za kwetu pwani, lakini hakuna mahali nilipoyasikia kwa uzito kama Garissa, ng'ambo ya daraja la Mto Tana, ambako nchi ya iliyokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki inaanza. Huko ukimtaja marehemu Ahmed Khalif, mazungumzo hubadilika sauti. Mzee mmoja ataweka kikombe chini na kusema ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Kijana aliyeketi upande wa pili atatikisa kichwa na kusema, "Mzee wangu, yule walimmaliza." Na kila mtu atakuwa na kisa chake. Mara zote nilizouliza ni nani aliyesoma ripoti ya uchunguzi, walitazamana.

Ndege si anasa

Msomaji wa Mombasa au Malindi huenda akadhani ndege ni chombo cha matajiri. Kaskazini mambo ni mengine. Kutoka Garissa kwenda Wajir, na kutoka Wajir hadi Mandera, barabara kwa miaka mingi ilikuwa ni vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Mgonjwa wa Mandera aliyetaka kuiona Nairobi akiwa hai, aliitazama mbingu. Hata mirungi kutoka Meru husafiri kwa ndege. Tena mwezi Novemba 2014, basi lililotoka Mandera liliposhambuliwa na abiria 28 wakauawa, walimu na watumishi wengi waliotoka mikoa mingine walikataa kabisa kusafiri kwa barabara. Kwa hiyo ndege huko ndiyo daladala, na ndege ianguka­po huanguka nyumbani kwa watu.

Nyaya za Busia

Ahmed Khalif Mohamed alikuwa Mbunge wa Wajir Magharibi, na sisi Waislamu wa pwani tulimjua pia kama Katibu Mkuu wa Baraza Kuu la Waislamu wa Kenya, SUPKEM. Serikali ya NARC ilipoingia mwisho wa mwaka 2002, Rais Mwai Kibaki alimteua kuwa Waziri wa Kazi. Mwezi haukutimia. Tarehe 24 Januari 2003 alikwenda Busia pamoja na mawaziri wenzake katika sherehe za kumpongeza Moody Awori. Wakati wa kurudi Nairobi, ndege waliyoikodi, aina ya Gulfstream, iliruka kutoka uwanja mdogo wa Busia, ikagonga nyaya za umeme na kuanguka. Waziri Khalif na marubani wote wawili walifariki. Mawaziri Martha Karua, Raphael Tuju na Linah Kilimo walijeruhiwa, wakapona.

Uvumi ulianza kabla ya kaburi kukauka. Walisema serikali mpya ina maadui. Walisema mtu wa kaskazini hapewi wizara akaachwa aifaidi. Haya nayatia katika mizani. Mwuaji gani huchagua nyaya za umeme kuwa silaha yake, na kuwatia hatarini mawaziri wanne ili ampate mmoja? Waya haumchagui Msomali ukamwacha Mjaluo. Nyaya zilikuwepo pale siku zote, na uwanja ulikuwa mfupi kwa ndege ya kiasi kile tangu asubuhi, kabla mtu yeyote hajapanda. Hayo yatosha kuua bila ya njama.

Lakini kusema hivyo hakumalizi jambo, bali ndiyo kwanza kunalianzisha. Nani aliruhusu nguzo za umeme kusimama karibu na njia ya ndege? Nani alipima urefu wa uwanja na uzito wa ndege, akasema panafaa? Haya ndiyo maswali yenye majibu, na uvumi wa njama uliyafunika. Mwenye kutafuta mwuaji gizani humwacha mzembe akipita mchana.

Uwanja wa Wagalla

Hata hivyo siwacheki wanaonong'ona. Watu hawa wana sababu ya kutoamini, na sababu yenyewe ilizaliwa juu ya uwanja wa ndege.

Februari 1984, wanaume wa kabila la Degodia walikusanywa na vikosi vya serikali wakapelekwa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Walizuiliwa huko siku kadhaa katika jua, bila maji wala chakula, na wengi wakapigwa risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Jamaa zao walihesabu mamia kwa mamia. Ahmed Khalif alikuwa miongoni mwa waliosimama Bungeni kuyasema hayo, wakati ambapo kuyasema kulitaka moyo. Ilichukua miaka 29, mpaka Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013, kwa chombo cha taifa kuandika kuwa huenda waliouawa walikaribia 1,000.

Basi mtu aliyedai hesabu ya waliokufa uwanjani, akafa yeye mwenyewe mbele ya uwanja. Nani asiyeweza kuona kwa nini moyo wa Wajir uliunganisha nyuzi hizo mbili? Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Serikali iliyoficha 1984 isishangae kutoaminiwa 2003, hata siku isemapo kweli.

Ukungu wa Marsabit

Miaka mitatu baadaye jambo likajirudia kwa majirani. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya Jeshi la Anga la Kenya, aina ya Y-12, ilianguka Marsabit. Ndani mlikuwa na watu 17, na 14 walikufa, wakiwemo wabunge Bonaya Godana, Abdi Sasura, Guracha Galgallo, Titus Ngoyoni na Mirugi Kariuki. Walikuwa wakienda kusuluhisha, kwani chini ya mwaka mmoja kabla yake, Julai 2005, damu nyingi ilimwagika Turbi. Takriban uongozi wote wa upande ule ulifutika asubuhi moja.

Uvumi haukuhitaji kualikwa. Lakini mlima wa Marsabit una tabia yake. Unasimama peke yake katikati ya jangwa, na asubuhi za majira ya mvua hujifunika ukungu mpaka mtu asione mbele yake. Rubani anayeshuka katika ukungu huo, huku mlima upo ndani yake, hana haja ya adui. Tena lipo jambo ambalo wengi hawalijui: Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaoongoza usafiri wa anga duniani na kuhimiza ripoti za ajali zitangazwe, hauzihusu ndege za kijeshi. Ajali ya jeshi hubaki na jeshi. Na penye kimya, ulimi wa mtaani hujaza.

Risasi za Bardale

Sasa nimgeukie mwenye kusema kuwa uvumi wote ni uongo, maana naye amekosea. Tarehe 4 Mei 2020, siku za korona, ndege ya Kenya ya shirika la African Express ilikuwa ikipeleka vifaa vya tiba Bardale, kusini mwa Somalia. Ilianguka ikikaribia kutua, na watu wote 6 wakafa. Saa zile zile watu wakasema imetunguliwa. Safari hii lisemwalo lilikuwepo. Taarifa iliyotoka kwa kikosi cha Umoja wa Afrika ilieleza kuwa askari wa Ethiopia waliokuwa wakilinda pale waliifyatulia ndege hiyo, wakidhani inakuja kujilipua.

Ndege tatu, basi, na sababu tatu: nyaya, ukungu, na risasi. Minong'ono ilikuwa ya aina moja kote, nayo ilisibu mara moja tu. Aliyeamini yote alidanganyika, na aliyekanusha yote alidanganyika pia.

Kumfunga ngamia

Waislamu hatuna udhuru katika jambo hili. Surat al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kuichunguza khabari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na kisa cha Bedui na ngamia wake kila mtoto wa chuoni anakijua: Mtume (s.a.w.) alimfundisha amfunge kwanza, ndipo ategemee. Watu wa Wajir na Garissa ni wafugaji wa ngamia, hawahitaji kufasiriwa. Ajali, kwa maana ya siku iliyoandikwa, hatuipingi. Lakini waya ulioachwa njiani si maandiko ya mbinguni, ni kazi ya mikono ya watu, na mikono hiyo ina wenyewe.

Ndugu zetu Wangazija wametuonyesha njia. Tarehe 30 Juni 2009, ndege ya Yemenia iliyotoka Sanaa ilianguka baharini karibu na Moroni. Kati ya watu 153 aliokoka msichana mmoja wa miaka 12. Wafiwa, wengi wao wakiishi Ufaransa, walisoma hitima, wakalia, wakasema inna lillahi. Kisha wakaenda mahakamani. Wachunguzi walikuta makosa katika uendeshaji wa marubani, na mwaka 2022 mahakama ya Paris ikalitia shirika hilo hatiani. Miaka 13 walisubiri, na wala imani yao haikupungua kwa kuuliza.

Sheria za anga zataka ripoti ya awali itolewe ndani ya siku 30, na ya mwisho, inapowezekana, ndani ya miezi 12. Kenya ina idara yake ya kuchunguza ajali za ndege chini ya Wizara ya Uchukuzi. Ninalolidai ni dogo: kila ripoti ifike kule msiba ulikofika. Isomwe kwa Kiswahili na kwa Kisomali, katika idhaa za redio, mbele ya wafiwa, Wajir na Mandera, na si kwa Kiingereza katika kabati la Nairobi. Jeshi nalo liseme linaloweza kusemwa. Na sisi wa barazani, mpaka siku hiyo, tumwombee marehemu rehema na tuuzuie ulimi kumtaja mwuaji tusiyemwona. Mjane ana haki ya kujua mumewe alikufa kwa nini. Kumpa uvumi mahali pa jibu ni kumfisha mumewe mara ya pili.