Nani Huamua Idadi ya Polisi Katika Wadi Yako?

Wakazi wengi huuliza: kwa nini kituo chetu kina askari wachache na hakina gari, ilhali kaunti ina bajeti yake?

Jedwali la Nne la Katiba linaweka huduma za polisi chini ya serikali ya kitaifa. Kwa hivyo gavana na bunge la kaunti hawaajiri askari wala kuwahamisha. Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya mwaka 2011 inampa Inspekta Jenerali jukumu la kuamua jinsi askari watakavyosambazwa nchini na mahali pa kufungua vituo.

Sauti yako inaingia wapi?

Kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinaanzisha Mamlaka ya Polisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana au waziri wa kaunti aliyemteua. Pamoja na wakuu wa usalama na wawakilishi wawili wa bunge la kaunti, huketi watu wasiopungua sita kutoka sekta ya biashara, mashirika ya kijamii, wanawake, vijana, dini na watu wenye mahitaji maalum. Hupendekeza vipaumbele vya usalama, hufuatilia mwenendo wa uhalifu na hupokea ripoti za kamati za polisi jamii. Hata hivyo, haiamuru askari apelekwe wapi.

Ripoti yako ina uzito

Kijiji kikiibiwa mifugo mara tano na kisa kimoja tu kiripotiwe, kitabu cha matukio kitaonyesha wizi mmoja. Ombi la kuongezewa askari litakosa ushahidi. Kwa hivyo:

- Ripoti kila kisa na uondoke na nambari ya OB. Huduma hii ni bure.
- Hudhuria mikutano ya polisi jamii na baraza za chifu. Taja mahali, saa na idadi ya visa.
- Ukikataliwa kuandikisha ripoti, lalamika kwa OCS au kwa mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA.
- Taa za barabarani ni jukumu la kaunti. Peleka ombi hilo kwenye vikao vya bajeti ya kaunti.

Wakati wa dharura piga 999, 112 au 911 bila malipo.