KAUNTA HAIIONI KOMPYUTA YA STOO? ANGALIA FAILI LA HOSTS

Wadau, una kompyuta mbili za Linux dukani. Ya stoo ina programu ya mauzo, ya kaunta inaifungua kupitia mtandao wa hapo hapo ndani. Ghafla ukiandika jina "stoo" haifunguki, foleni inakua, mauzo yanaandikwa kwenye karatasi. Hapo ndipo hesabu zinapopotea! Kabla ya kumwita fundi, fanya hivi:

1. Kwenye kompyuta ya stoo fungua terminali, andika: hostname -I
Itakupa namba, mfano 192.168.1.10.

2. Hamia kaunta. Weka nakala kwanza:
sudo cp /etc/hosts /etc/hosts.zamani

3. Fungua faili: sudo nano /etc/hosts
Neno la siri halionekani ukiliandika, usishtuke.

4. Mistari inayoanza na 127 usiiguse. Chini yake ongeza:
192.168.1.10 stoo
Namba inatangulia, unaacha nafasi, ndipo jina. Usiweke http:// wala alama ya # mwanzoni, maana mstari wenye # hausomwi.

5. Bonyeza Ctrl+O, Enter, halafu Ctrl+X.

6. Jaribu: ping -c 3 stoo
Majibu yakirudi, umemaliza.

ANGALIZO: Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kuipa stoo namba nyingine, huku hosts imebaki na ile ya zamani. Ingia kwenye ruta, ifungie stoo namba moja tu. Na kila kompyuta ya kaunta inahitaji mstari wake.

Mtumie mwenzako mwenye duka.