Uthibitishaji wa Utambulisho na Usalama wa Mawasiliano katika Huduma za Wavuti za Gridi

1.0 Utangulizi

Gridi ni mfumo unaounganisha kompyuta, hifadhi za data na programu zinazomilikiwa na asasi mbalimbali ili zitumike kwa pamoja, bila asasi yoyote kupoteza mamlaka juu ya mali yake. Mfano unaofahamika ni gridi inayochakata data za mtambo wa LHC wa CERN, ulioko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Gridi hiyo inaunganisha vituo vipatavyo 170 katika nchi zaidi ya 40. Mtafiti hutuma kazi akiwa chuoni kwake, kazi hiyo ikatekelezwa katika nchi nyingine na kusoma data zilizohifadhiwa katika nchi ya tatu. Hakuna kituo kinachowafahamu watumiaji wote, wala hakuna msimamizi mmoja mwenye mamlaka juu ya vituo vyote.

Makala haya yanafafanua namna huduma za gridi zinavyothibitisha utambulisho na kulinda mawasiliano. Hoja kuu ni kwamba kumtambua mtumiaji si tatizo gumu zaidi. Ugumu uko katika kuiwezesha programu itende kwa niaba yake bila kuipa uwezo unaozidi mahitaji.

2.0 Vyeti na uaminifu baina ya asasi

Nywila hazifai katika mazingira haya, kwani mtumiaji angehitaji akaunti na nywila katika kila kituo, na kila kituo kingelazimika kutunza siri za wageni. Mwaka 1998, Ian Foster, Carl Kesselman, Gene Tsudik na Steven Tuecke walipendekeza usanifu wa usalama wa gridi ambao ulitekelezwa katika programu ya Globus Toolkit. Msingi wake ni vyeti vya kidijitali vya aina ya X.509. Cheti hufungamanisha jina la mtumiaji na ufunguo wake wa umma, nacho hutiwa saini na mamlaka ya kutoa vyeti. Mtumiaji huthibitisha kwamba cheti ni chake kwa kutumia ufunguo wa siri ambao hautoki mikononi mwake. Seva nayo huwasilisha cheti chake, hivyo pande zote mbili hutambuana.

Baada ya utambulisho kuthibitishwa, kituo hulinganisha jina lililomo katika cheti na orodha yake, kisha humpa mtumiaji akaunti ya kituoni hapo. Kwa njia hii, utambulisho ni wa kimataifa, lakini uamuzi wa kuruhusu au kukataa hubaki kwa mwenye mali.

3.0 Kukasimu mamlaka

Kazi ya gridi huweza kuendelea kwa saa nyingi baada ya mtumiaji kuondoka, na katika muda huo huhitaji kuchukua data na kuhifadhi matokeo kwa jina lake. Kunakili ufunguo wake wa siri katika kila mashine kungekuwa hatari kubwa. Suluhisho lililosanifishwa mwaka 2004 katika waraka wa RFC 3820 ni cheti cha wakala. Huduma inayokasimiwa hutengeneza jozi mpya ya funguo, kisha hutuma ufunguo wa umma peke yake. Upande wa mtumiaji huutia saini na kurejesha cheti chenye muda mfupi, kwa kawaida saa 12. Ufunguo wa siri wa wakala haupiti mtandaoni. Huduma nyingine huhakiki mnyororo mzima, kuanzia wakala hadi mtumiaji, na kutoka mtumiaji hadi mamlaka iliyotoa cheti chake.

Hata hivyo, utaratibu huu una gharama. Kanuni za kawaida za X.509 hazimruhusu mtumiaji kutoa vyeti, hivyo programu ya uhakiki isiyoandaliwa kwa ajili ya mawakala hukataa mnyororo huo. Aidha, ufunguo wa wakala huhifadhiwa kwenye diski bila kufichwa kwa nywila, ili programu iutumie bila kumsubiri mtu. Anayeuiba anaweza kutenda kama mtumiaji mwenyewe mpaka muda uishe, kwa kuwa mawakala kwa kawaida hawabatilishwi mmoja mmoja. Ufupi wa muda ndio kinga kuu.

4.0 Kulinda njia au kulinda ujumbe

Huduma za wavuti za gridi hubadilishana ujumbe wa SOAP ulioandikwa kwa XML. Ujumbe huo unaweza kulindwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni itifaki ya TLS, ambayo husimba kila kinachopita baina ya ncha mbili. Njia hii ni ya haraka, lakini ulinzi hukoma pale muunganisho unapokoma: kukiwa na huduma ya kati, ujumbe hufunguliwa hapo. Ya pili ni kulinda ujumbe wenyewe kwa kiwango cha WS-Security kilichopitishwa na OASIS mwaka 2004. Hapa saini na usimbaji husafiri ndani ya ujumbe, na sehemu moja huweza kufichwa huku nyingine ikisomwa na huduma ya kati.

Uwezo huo una uzito wake. Matini mbili za XML zinaweza kuwa na maana moja lakini zikatofautiana kwa nafasi au mpangilio wa sifa, hivyo ni lazima zisawazishwe kabla ya kutiwa saini. Kwa sababu ya kasi, toleo la nne la Globus Toolkit, la mwaka 2005, liliruhusu njia zote mbili lakini lilitumia TLS kama chaguo-msingi.

Mwaka huohuo, Michael McIntosh na Paula Austel walionesha shambulizi la kuhamisha kipengele chenye saini halali na kuweka cha kughushi mahali pake. Mhakiki hukagua kipengele halali, ilhali programu hutekeleza kile cha kughushi. Saini haijavunjwa, lakini usalama umevunjika. Hivyo basi, kinachohakikiwa na kinachotekelezwa lazima kiwe kitu kilekile.

5.0 Hitimisho

Msaada rasmi wa Globus Toolkit ulikoma mwaka 2018, na gridi ya LHC imekuwa ikihamia kwenye tokeni. Tofauti ya msingi ni kwamba wakala hubeba utambulisho wa mtumiaji, ilhali tokeni huweza kubeba ruhusa mahususi, kama vile kusoma saraka moja tu. Teknolojia imebadilika, lakini swali la mwaka 1998 limebaki. Mbunifu wa huduma yoyote iliyosambaa anapaswa kubainisha ni nani anatenda, kwa niaba ya nani, kwa muda gani, na madhara yatafika wapi iwapo siri itaibwa. Usimbaji imara hauwezi kufidia kukosekana kwa majibu ya maswali hayo.